Mukuru: wakazi walichora mtaa wao, kisha tingatinga likaja

Kusini-mashariki mwa Nairobi, nyuma ya viwanda vya Enterprise Road, kuna mitaa mitatu inayoitwa kwa jina moja la Mukuru: Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani. Mto Ngong unapita humo ukiwa umebeba majitaka ya viwanda na ya nyumba. Wakati wa kazi nitakayoieleza hapa, kaya zaidi ya 100,000 zilihesabiwa kwenye ardhi isiyofika ekari 700, nyingi zikiishi katika chumba kimoja cha mabati cha futi kumi kwa kumi.

Nimekichagua kisa cha Mukuru kwa sababu kimekusanya mambo mawili ambayo ni nadra kuyakuta mahali pamoja. La kwanza ni upangaji wa mji uliowashirikisha wakazi kwa dhati kuliko mwingine wowote ninaoujua nchini Kenya. La pili ni ubomoaji wa makazi ulioangukia mtaa huohuo, wakati jiji likiwa chini ya uongozi uliokuwa ukijivunia barabara zilizotokana na mpango wa wakazi hao. Anayesimulia Mukuru kama ushindi hulitaja la kwanza tu, na anayesimulia kama msiba hulitaja la pili tu. Mimi nataka kujua yaliwezekanaje yote mawili.

Tuanze na sheria. Katiba ya Kenya ya 2010 inataja ushiriki wa wananchi katika Kifungu cha 10 miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 184 kinataka sheria iweke njia ya wakazi kushiriki katika uongozi wa miji yao, na cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lifanye kazi yake hadharani na kuwashirikisha watu. Sheria ya Miji na Majiji ya 2011 ikaongeza mabaraza ya wakazi. Mahakama nazo zimekuwa kali. Aprili 2014, Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu aliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, akasema kaunti haina budi kuwafuata watu makanisani, misikitini, kwenye mabaraza na kwa redio wanazozisikiliza.

Hata hivyo, aliyewahi kuhudhuria vikao hivi anajua jinsi vinavyokwenda mara nyingi. Tangazo hutoka gazetini siku chache kabla. Kikao hufanyika siku ya kazi, saa nne asubuhi, wakati mama wa kuuza mboga yuko sokoni na kijana wa kiwandani yuko zamu. Waraka ni mzito na ni wa Kiingereza. Mwakilishi wadi, yaani diwani wa bunge la kaunti, anakuja na watu wake, daftari la mahudhurio linapitishwa, sahihi zinapatikana, na sharti la sheria linahesabiwa kuwa limetimizwa. Bajeti inapitishwa kama ilivyokuja.

Mukuru ilikwenda kinyume na mtindo huo, na sababu zake ni za miaka mingi.

Mzizi wake ni ardhi. Sehemu kubwa ya Mukuru iligawiwa watu binafsi na makampuni katika miaka ya 1980 na 1990, kwa hati za kukodishiwa za muda mrefu, kwa sharti kwamba wajenge viwanda. Wengi hawakujenga. Wengine walizitumia hati hizo kama dhamana ya mikopo ya benki, na ardhi yenyewe ikabaki na watu waliokuwa wakiishi juu yake bila karatasi yoyote. Kwa hiyo Mukuru ina tabaka tatu za watu: mwenye hati, ambaye huenda hajawahi kukanyaga pale, mwenye mabati, aliyejenga vyumba na kuvipangisha, na ambaye mara nyingi anakaa mtaa mwingine, na mpangaji, ambaye ndiye wengi kupita kiasi. Nitazirudia tabaka hizi, maana humo ndimo kisa kilimoamuliwa.

Kwa sababu ardhi kisheria si ya wakazi, serikali haikupeleka huduma, na huduma zilizokosekana zikauzwa na wengine. Maji yalikuja kwa mitungi kutoka kwa makateli, yaani magenge yanayoshikilia biashara hiyo. Umeme ulikuja kwa nyaya za sambaza, zilizounganishwa bila idhini. Utafiti wa wataalamu wa vyuo vikuu pamoja na wakazi, uliotangulia mpango wenyewe, ulionyesha jambo ambalo kila mama wa Mukuru alikuwa analijua mfukoni mwake: mtu wa Mukuru alilipia kila lita ya maji kwa bei iliyozidi mara mbili ile anayolipa mtu wa mtaa wenye mabomba. Umeme pia alilipa zaidi, na ulikuwa unaua watu kwa moto na kwa kuwarusha. Takwimu hizo zilibadilisha mazungumzo na Kaunti ya Nairobi, yaani serikali ya jiji. Hadi hapo maofisa walizoea kusikia kwamba wakazi wa vijiji vya mabanda wanaomba kusaidiwa. Sasa walikuwa wanaonyeshwa kwamba wakazi hao wanalipa tayari, wanalipa sana, na fedha hizo hazifiki kwa jiji.

Nyuma ya takwimu hizo palikuwa na Muungano wa Wanavijiji, shirika la wakazi wa vijiji vya mabanda lililoanzishwa mwaka 1996, enzi ambapo kubomolewa usiku lilikuwa jambo la kawaida. Muungano ulijengwa juu ya vikundi vya akiba, vingi vikiendeshwa na wanawake, na juu ya kazi ya kuhesabu kaya, vyoo na vioski mlango kwa mlango. Mtu aliyezoea kuweka akiba na jirani zake kila wiki, kusoma daftari na kuuliza hesabu, hatishwi upesi na ofisa mwenye ramani. Naamini hilo lilizidi kwa uzito mafunzo yoyote ya siku mbili hotelini.

Agosti 2017, Kaunti ya Nairobi ilitangaza katika gazeti rasmi la serikali kwamba Mukuru ni eneo maalum la upangaji. Maana yake kisheria ilikuwa kwamba ujenzi mpya unasimamishwa kwa muda, na ndani ya miaka miwili mpango wa eneo zima uandaliwe, kwa vipimo vinavyoweza kutofautiana na vile vya jiji. Mwezi huohuo ulikuwa wa uchaguzi. Gavana Evans Kidero, ambaye tangazo lilitoka chini ya serikali yake, alishindwa na Mike Sonko. Nairobi, gavana mpya huzoea kuzika kazi za aliyemtangulia. Hii haikuzikwa. Wapangaji wa miji walioajiriwa na Kaunti walibaki kazini, mashirika na vyuo vikuu zaidi ya 40 yalikuwa yameshajigawa katika makundi ya maji, ardhi, afya, elimu, mazingira, nyumba na fedha, na mtaani walikuwepo watu ambao hawangekubali kazi ife kimya.

Kazi ya mtaani ilifanyika kwa nyumba kumi. Msomaji wa Tanzania atalitambua jina hili tangu enzi za chama cha TANU na balozi wake wa kila nyumba kumi. Serikali ya Kenya nayo ililichukua mwaka 2013 kwa ajili ya ulinzi. Mukuru waliitumia hesabu hiyohiyo kwa upangaji: kila kaya kumi zikakaa pamoja na kuchagua mtu wao, kisha wawakilishi kumi wakakutana kuzisemea kaya mia, na kuendelea hadi kijiji na sekta. Mtu hakulazimika kupoteza siku nzima akisubiri kusema dakika mbili mbele ya watu mia tano. Alisema mlangoni kwake, jioni, mbele ya jirani anayemjua, juu ya mfereji unaopita nyuma ya chumba chake. Na aliyempeleka kusema kwa niaba yake alikuwa anaonekana kesho yake, anaulizwa ulisema nini na wakajibu nini.

Hapo ndipo mjadala ulipopata nyama. Chukua barabara. Vipimo vya kawaida vya jiji vinataka barabara pana. Ukiviweka juu ya ramani ya Mukuru, maelfu ya vyumba vinaanguka, na wapangaji waliomo hawana pa kwenda kwa kodi ile. Wataalamu hawakuwa na jibu kwenye vitabu vyao. Jibu lilipatikana kwa kujadiliana: njia gani lazima ipitishe gari la zimamoto na la wagonjwa, njia gani inatosha mkokoteni, kichochoro gani kibaki cha miguu, na nani atasogea ili nani apite. Kukubali upana mdogo si dalili ya wakazi kutojua mema. Walikuwa wanapima hasara ambayo mtaalamu angeipima kwa wino tu. Hata mabomba ya majitaka yalipangwa kwa mtindo mwepesi, mabomba madogo yasiyozikwa kina kirefu, yanayoweza kupita kwenye vichochoro hivyo.

Lazima pia niseme mahali ambapo mkutano wa nyumba kumi ulikuwa mgumu. Mwenye mabati na mpangaji wake wakikaa kikao kimoja, mpangaji hupima maneno yake. Anajua akilalamikia choo anaweza kuongezewa kodi mwezi ujao, au kuambiwa atoe vitu. Wenye mabati nao waliogopa kwamba mpango ukimtambua mpangaji, wao watapoteza riziki waliyoijenga kwa miaka. Swali la nani hasa ni mwenye haki juu ya kiwanja, kati ya hawa wawili, lilijadiliwa lakini halikufungwa. Na swali lililokuwa juu yake, la mwenye hati aliye mbali, halikuwa mikononi mwa kikao chochote cha Mukuru. Lilikuwa la mahakama, la Tume ya Ardhi na la wizara.

Kisha jiji likahama chini ya miguu yao. Februari 2020, Sonko, akiwa tayari na kesi za ufisadi mahakamani, alitia sahihi Ikulu hati ya kuikabidhi serikali ya taifa kazi nne za Kaunti: afya, uchukuzi, ujenzi na huduma za umma, na upangaji wa jiji. Mamlaka mpya ya kuziendesha kazi hizo, NMS (Nairobi Metropolitan Services), ilianza Machi chini ya Meja Jenerali Mohammed Badi. Desemba mwaka huohuo Seneti ilimwondoa Sonko madarakani.

Sitaki kuificha haki ya NMS. Mukuru ilianza kuona lami, visima vya maji, mabomba ya majitaka na vituo vya afya kwa kasi ambayo viongozi waliochaguliwa hawakuwahi kuionyesha. Wapo wakazi ambao hadi leo wanazitaja siku zile kwa heshima, na siwezi kuwalaumu. Aliyekwenda chooni kwa woga usiku miaka kumi ana haki ya kumshukuru aliyeleta bomba. Lakini nadhani watu wengi walisoma kasi ile vibaya. Walisema, mnaona, mwanajeshi amefanya kwa mwaka yale ambayo wanasiasa walishindwa. Kwa maoni yangu kasi hiyo ilikuwa na deni kwa miaka ya mikutano ya nyumba kumi. Upana wa barabara ulikuwa umeshazungumzwa. Ramani ilikuwepo. Watu walijua kinachokuja. Mkandarasi aliingia mahali ambapo ugomvi mwingi ulikuwa umeshamalizwa na wengine kwa muda wao wenyewe, bila malipo.

Oktoba 2021, tingatinga liliingia Mukuru Kwa Njenga kwa kazi nyingine: kupisha barabara ya kuunganisha upande ule wa jiji. Ubomoaji ulikwenda mbali kupita upana wa barabara. Uliendelea Novemba, polisi wakiwa walinzi. Amnesty International Kenya na mashirika mengine yalisema kaya zipatazo 13,000, watu wasiopungua 40,000, walibaki bila makazi. Shule za watu binafsi, vibanda, makanisa na vyumba viliondoka pamoja. Mvua za vuli zilikuwa zinakaribia na watoto walilala nje chini ya turubai. Sehemu ya ardhi hiyo ilikuwa na mwenye hati, kampuni binafsi iliyokuwa imeidai kwa miaka mingi.

Wale wawakilishi wa nyumba kumi walikuwa wapi? Walikuwepo. Walijua idadi ya kaya, majina ya wagonjwa, mahali pa shule. Walichokosa ni mtu wa kumfuata. Mwakilishi wadi hakuwa na sauti juu ya upangaji, kwa kuwa upangaji ulikuwa umehamishwa. Kiti cha gavana kilikuwa kinashikiliwa na Anne Kananu, aliyeingia kwa mlango wa unaibu na kuapishwa rasmi Novemba hiyohiyo, akiwa na kazi kuu nne tayari zimekwenda kwingine. NMS haikuchaguliwa na mtu. Ilikuwa chini ya ofisi ya rais. Mkazi wa Kwa Njenga hakuwa na kura ya kumtisha nayo yeyote kati ya waliokuwa na uwezo wa kusimamisha lile tingatinga asubuhi ile. Ushiriki wake ulikuwa umefungwa kwenye taasisi moja, Kaunti, na taasisi hiyo ilikuwa imenyang'anywa kazi yenyewe.

Hiyo ni sababu moja. Ya pili ni hati. Januari mwaka huohuo wa 2021, Mahakama ya Juu ilitoa hukumu katika kesi ya Mitu-Bell, kijiji kilichobomolewa karibu na uwanja wa ndege wa Wilson mwaka 2011. Ilisema watu wasio na ardhi walioishi kwenye ardhi ya umma kwa muda mrefu wanaweza kuwa na haki ya makazi inayolindwa na Katiba. Ni hukumu kubwa, na wanaharakati waliipokea kwa furaha. Lakini isome tena: ardhi ya umma. Mukuru, kwa karatasi, kwa sehemu kubwa ni ya watu binafsi. Mpango wa eneo maalum unaweza kusema barabara ipite wapi na choo kikae wapi, ila haumfanyi mkazi kuwa mwenye kiwanja, wala haufuti hati ya mtu aliyevunja sharti la kujenga kiwanda miaka thelathini iliyopita. Kuifuta hati hiyo kunahitaji uamuzi wa serikali na mahakama, na hakuna aliyeufikisha mwisho kabla ya matingatinga.

Baada ya kelele za nchi nzima, serikali iliruhusu watu warudi. Hapo lile swali lililoachwa wazi kwenye vikao likatoka kwa sura mbaya kabisa: kiwanja kikigawiwa upya, apewe nani, mwenye mabati au mpangaji aliyelala juu yake? Mwishoni mwa Desemba 2021 mvutano huo uliishia katika makabiliano na polisi, na watu wakapoteza maisha. Kwangu hili ndilo doa zito zaidi la mchakato mzima, kwa sababu lilionekana mapema. Wapangaji ndio wengi. Mchakato uliowahesabu kwa makini ungeweza kuwapa vikao vyao wenyewe, mbali na mwenye nyumba, na kuandika makubaliano kati ya pande mbili kabla ya mtu yeyote kuwa na kiwanja cha kugombania.

NMS ilimaliza muda wake mwaka 2022 na kazi zikarudi kwa Kaunti chini ya Gavana Johnson Sakaja. Mafuriko ya 2024 yalileta awamu nyingine: nyumba zilizo kandokando ya mto zilibomolewa, Mukuru na Mathare, na Rais William Ruto akaahidi shilingi 10,000 kwa kila kaya iliyoondolewa. Hakuna anayebisha kwamba mto unaua. Lakini mpango uliochorwa na wakazi ulikuwa na kundi zima la mazingira na mto, na ramani ya kaya zilizokuwa hatarini ingeweza kuwa mwanzo wa kuwahamisha watu kwa mpangilio.

Mei 2025, Rais alikabidhi nyumba 1,080 za kwanza kati ya 13,248 zinazojengwa na serikali ya taifa pale Mukuru, kando ya Enterprise Road. Ni maghorofa ya kweli, yana maji na vyoo ndani, na familia zilizoingia zimetoka kwenye mabati. Ukilinganisha 13,248 na kaya zaidi ya 100,000 utaona kwamba walio wengi wataendelea kuishi katika Mukuru ya vichochoro kwa miaka mingi. Kwa hao, mabomba yale mepesi na barabara zile zilizojadiliwa zina maana kubwa kuliko ghorofa. Nina wasiwasi kwamba mradi wa nyumba, kwa kuwa unapigwa picha vizuri, utaula muda na fedha za kuboresha mtaa uliopo. Katika mradi huu mkazi anakuja kama mwombaji, anajiandikisha na kusubiri jina lake. Hakuulizwa upana wa chumba wala mahali pa kuuzia mandazi.

Vijiji vingine vya Nairobi, Kisumu na Mombasa vinauliza jinsi ya kufanya kama Mukuru. Mimi ningewaambia wasianze na ramani. Waanze na orodha ya hati: kila kipande cha ardhi, jina la aliyepewa, mwaka, sharti alilopewa na kama alilitimiza. Orodha hiyo ipelekwe kwa Tume ya Ardhi na mahakamani wakati vikao vya nyumba kumi vikiendelea, isingoje mpango uishe. Wapangaji wawe na vikao vyao. Na makubaliano ya kutobomoa bila notisi na bila mahali pa kuhamia yatiwe sahihi na Kaunti pamoja na wizara za serikali ya taifa zinazojenga barabara, ili kazi ikihamishwa kutoka ofisi moja kwenda nyingine, kama ilivyohamishwa Februari 2020, ahadi ihame nayo.

Orodha ya namna hiyo inaweza kuanzwa na wakazi wenyewe. Msajili wa ardhi hutoa taarifa ya umiliki wa kiwanja kwa yeyote anayeomba na kulipa ada yake, na vikundi vya akiba vya Mukuru vilishachangia mambo makubwa kuliko hilo.